Mzigo na Kikomo Chake: Isiolo Kutoka Ngamia Hadi Trela

Ubavuni mwa pikapu za biashara nchini Kenya huandikwa kwa rangi herufi T.W., na mbele yake tarakimu za kilo. Ni uzito wa gari likiwa tupu. Anayetaka kujua gari lile linaweza kubeba nini hana budi kutafuta namba ya pili, ile ya uzito wa juu ambao kiwanda kimeruhusu gari na mzigo kwa pamoja, kisha atoe ya kwanza kutoka kwa ya pili. Kinachobaki si cha magunia peke yake. Dereva yumo humo, utingo yumo, dizeli, tairi la akiba, turubai, kamba na jeki vimo. Pikapu ambayo watu huiita ya tani moja, ikishabeba watu watatu na tangi lililojaa, imebakiwa na kilo mia saba na ushei. Hesabu hii ni ya darasa la tatu, lakini ni nadra kuiona ikifanywa pale mzigo unapopakiwa. Maelezo ya haraka ni kwamba wenye magari ni walafi na polisi wanahongwa. Naona maelezo hayo hayatoshi, na mji wa Isiolo unaonyesha kwa nini. Kila mzigo una kiungo kimoja dhaifu kinachouwekea kikomo, na kwa zaidi ya miaka mia moja kiungo hicho kimehama mara mbili katika mji huu: kilikuwa mwili wa mnyama, kikawa barabara, sasa ni gari lenyewe. Katika hatua mbili za kwanza kikomo kilijitangaza, hata asiyejua kusoma akakitambua. Safari hii kimenyamaza.

Kabla ya injini, kaskazini mwa Mlima Kenya mzigo ulipimwa kwa miguu. Misafara ya pwani iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu ilihesabu kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16, na mpagazi alitwikwa frasila mbili au pungufu kidogo, yaani kilo thelathini hivi. Serikali za kikoloni zilipoanza kuandika kanuni za wapagazi zilikaa karibu na kiasi hicho hicho, kwa kuwa mwili wa binadamu ulikuwa umeshaamua. Ukishavuka mto Uaso Nyiro kwenda nyanda kame, mpagazi hafai tena: maji anayohitaji njiani yanakula nafasi ya mzigo anaobeba. Huko mbebaji ni ngamia, na kwa mwendo wa siku nyingi ngamia mzima hubeba kati ya kilo 150 na 200. Wanaomfahamu, Warendille, Waborana, Wasomali na Wagabra, hawakuhitaji mizani. Ngamia hupakiwa amepiga magoti, mzigo ukigawanywa pande mbili za nundu sawa kwa sawa. Anaposimama hutanguliza miguu ya nyuma, kwa hiyo mgongo mzima huinamia mbele ghafla kabla ya miguu ya mbele kunyooka. Mzigo uliofungwa vibaya hukimbilia shingoni hapo hapo. Uliozidi upande mmoja husogeza matandiko, matandiko yakasugua ngozi, na baada ya siku mbili kuna kidonda ambacho kitamtoa mnyama kazini kwa wiki kadhaa. Uliozidi kwa jumla, ngamia hainuki, atalalama na kubaki chini mpaka upunguzwe.

Tusiipambe zama hiyo. Ngamia walizidishiwa mizigo, hasa wale waliokuwa mali ya serikali. Msafara wa askari wa King's African Rifles au wa afisa wa wilaya ulikuwa na ngamia wasio wa mtu fulani, na mwenye haraka hakuwa yule ambaye angemkosa mnyama akifa. Hata hivyo jambo moja linabaki kweli: hukumu ilitolewa mapema. Kosa la asubuhi lilionekana kabla ya jua kutua, na aliyelifanya alikuwapo kuliona. Aliyefunga kamba, aliyeongoza ngamia na aliyepata hasara mara nyingi walikuwa watu wa boma moja. Nitarudi kwenye ukaribu huo wa kosa na matokeo yake, maana ndio uliopotea.

Isiolo yenyewe haikuzaliwa kama soko la wenyeji. Ilikuzwa na utawala. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia serikali iliwapa makazi hapo Wasomali wa Isaaq na Herti waliokuwa wameitumikia kama askari, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 mji ukawa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo kubwa lililofungwa ambalo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 ilikaza zaidi. Pamoja na kizuizi cha watu palikuwa na kizuizi cha mifugo: karantini ya Idara ya Mifugo, ambapo ng'ombe wa kaskazini walizuiwa kwa sababu ya homa ya mapafu na magonjwa mengine, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu walowezi wa Laikipia hawakutaka ushindani wa bei. Kwa wakati huo ng'ombe aliyekuwa akienda sokoni alikuwa mzigo wenye miguu yake. Aliswagwa. Gharama ya kumsafirisha ilikuwa kilo alizopoteza njiani, na kikomo cha safari kilikuwa umbali kati ya kisima na kisima.

Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, Isiolo ikawa mahali ambapo mizigo hubadilisha mbebaji. Bidhaa ziliteremshwa kwenye treni, zikapanda lori mpaka Isiolo, na kutoka hapo zikaenda kwa lori dogo au kwa ngamia kulingana na majira. Kazi ya mji ikawa kushusha na kupakia upya. Hili si jambo dogo katika historia ya uchukuzi. Mji wa namna hiyo unaishi kwa tofauti ya uwezo kati ya njia mbili: upande mmoja kinaweza kupita chombo kikubwa, upande wa pili hakiwezi. Pale tofauti inapokwisha, kazi ya mji hubadilika, na ujuzi wa wapakiaji wake pia.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta injini kwa wingi ambao eneo hilo halikuwahi kuuona. Waitalia walichukua Moyale mnamo Julai 1940. Mapema 1941 divisheni ya Afrika Kusini ilipita Marsabit kuelekea mpaka wa Ethiopia na kuiteka Mega mwezi wa Februari, na nyuma yake wahandisi walichonga barabara na kuchimba visima katika nchi ya mawe ya volkeno na mchanga. Majeshi hayo yalitegemea malori ya tani chache, na hapo ndipo kiungo dhaifu kilipohama kwa mara ya kwanza. Lori lina uwezo wa kubeba mara kumi na tano ya ngamia au zaidi, lakini halina uwezo wa kuchagua pa kukanyaga. Kilichoamua lingebeba nini kati ya Isiolo na Marsabit kilikuwa ardhi: mchanga wa laga, yaani mito ya msimu, mawe makali ya jangwa la Kaisut, matope meusi wakati wa masika. Jeshi liliondoka, barabara ikabaki, na kwa miaka sabini iliyofuata ndiyo iliyokuwa mizani ya kaskazini.

Nasema mizani kwa maana kamili. Wakati lami iliishia Isiolo, safari ya kilomita 500 hivi kwenda Moyale ilikuwa ya siku mbili kama mambo yamekwenda vizuri. Matuta ya barabara ya changarawe, yale madogo yanayofuatana mfululizo, hutikisa kila nati ya gari. Katika hali hiyo mzigo uliozidi hausubiri. Springi hukatika kabla ya Laisamis, tairi hupasuka kwenye mawe, chesisi hupata ufa, na anayelala njiani ni dereva yule yule na utingo yule yule, wakisubiri kipuri kije na lori jingine kutoka mjini. Wenye malori walijifunza kiasi gani kinapita, nao walijifunza kwa hasara yao wenyewe. Mwendo pia ulizuiwa. Lori linalokwenda kilomita 30 kwa saa, hata likiwa limejaa hadi juu, lina uwezo mdogo wa kuua likilinganishwa na lile lile likienda 90.

Usalama, au kukosekana kwake, uliongeza uzito wa mambo. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mnamo Desemba 1963, vita vya Shifta vikaendelea hadi makubaliano ya 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Mabomu ya kutegwa ardhini, kisha majambazi wa barabarani, yalifanya malori yasafiri kwa misafara yenye askari. Msafara hukwenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Lori moja likikwama, yote yanakaa. Mtu angedhani hilo lingewafanya wapakie kidogo, lakini msafara ulikuwa na nguvu ya kinyume pia: safari zikiwa chache, kila safari lazima ilipe. Ndiyo maana lori la kaskazini lilibeba vyote kwa pamoja. Kwenda juu lilichukua unga, sukari, mafuta ya kupikia na saruji. Kurudi lilibeba mifugo, na juu ya mifugo, kwenye vyuma vilivyopita kutoka ubavu hadi ubavu wa bodi, waliketi abiria wameshikilia kwa mikono na kufunga vitambaa usoni kwa vumbi, magunia na madebe yao yakining'inia.

Lori hilo la mifugo lina jambo ambalo mizani haiwezi kuliona. Ng'ombe wa Boran aliyekonda kwa safari ana kilo kama 300. Ishirini ni tani sita, na lori la ekseli tatu hulibeba zigo hilo bila jasho. Kwa uzito mtupu liko ndani ya sheria. Hatari yake iko kwingine: mzigo umesimama kwa miguu, uko juu, na unasogea. Lori likikata kona kwa kasi, ng'ombe wote huegemea upande mmoja kwa pamoja, na abiria walio juu yao huongeza uzito mahali pabaya kuliko pote. Wachuuzi wa ngamia huwalaza na kuwafunga miguu iliyokunjwa ndani ya bodi, jambo ambalo wapita njia huliona ni ukatili, na kwa mnyama ni ukatili kweli, lakini ngamia mrefu aliyesimama ndani ya lori lenye mwendo hatari yake haina haja ya kuelezwa. Ujuzi wa aina hii, wa mahali pa kuweka mzigo, ulikuwapo Isiolo kabla ya mizani yoyote. Ulitoka kwa ngamia, ukahamia kwenye lori.

Kisha lami ikaja. Kipande cha Isiolo hadi mto Merille, kilomita 136, kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, vipande vya Marsabit na Turbi vikafuata, na kufikia 2017 mtu aliweza kutoka Nairobi hadi Moyale bila kuacha lami. Safari ya siku mbili ikawa ya chini ya siku moja. Faida zake sihitaji kuzihesabu: mgonjwa wa Marsabit anafika hospitali ya Meru akiwa hai, nyanya hazifiki Moyale zimekuwa uji, nauli ya mfuko wa unga haimezi bei yake. Anayelalamikia lami kaskazini mwa Kenya hajawahi kusafiri kabla yake. Lakini pamoja na vumbi iliondoka ile mizani. Barabara haikatai tena. Inapokea kilo za ziada kwa upole, na inapokea kasi ya ziada kwa upole zaidi, na kiungo dhaifu kikahama mara ya pili, kikaingia ndani ya gari: kwenye ngoma ya breki, kwenye beringi, kwenye uzi wa chuma ulio ndani ya tairi.

Dola nayo ina mizani yake, na inapima kwa ajili ya lami. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari, ya mwaka 2013, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, 18 kwenye ekseli mbili zilizofuatana, na 24 kwenye tatu. Trela la kawaida la magurudumu ishirini na mawili, kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, linafika tani 50, na upeo kwa gari la ekseli saba ni 56. Namba hizi zina asili yake. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio huko Ottawa, jimbo la Illinois, wakapata kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 12 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi ya ile ya tani 10. Inaharibu zaidi ya mara mbili. Kwa nchi iliyokopa mabilioni kujenga barabara, kuzidhibiti ekseli zile ni sawa na kulinda mkopo.

Kwa trela, ulinzi wa barabara unakaribia kuwa ulinzi wa gari pia. Kichwa na tela huungana kwenye sahani ya chuma iliyo juu ya ekseli za nyuma za kichwa, ambapo pini ya tela hujifunga. Sehemu ya uzito wa tela hukaa mgongoni mwa kichwa, iliyobaki hukaa kwenye magurudumu ya tela. Mpakiaji akirundika saruji mbele mno, ekseli za kichwa zitazidi ingawa jumla iko chini ya tani 50. Akirundika nyuma mno, kichwa kitakuwa chepesi na usukani utaanza kuelea. Mizani ya kila kundi la ekseli hulikamata kosa la kwanza, na ikisomwa vizuri hulionyesha hata la pili. Kwa hiyo sheria iliyoandikwa kwa ajili ya lami inamlazimisha mpakiaji kufikiri kidogo kama mfunga ngamia: kiasi gani, na wapi.

Sasa tazama pikapu kwa macho ya kanuni ile ile ya mara nne. Ekseli ya nyuma ya pikapu iliyopakiwa sawasawa inabeba tani 2 hivi. Gawanya kwa 10, zidisha mara nne: zinahitajika ekseli 625 za namna hiyo kuifikia ekseli moja ya lori. Mzidishie pikapu mzigo mpaka ekseli ile ibebe tani 3, kiwango ambacho hakuna kiwanda kinachokiruhusu kwa gari la tani moja, na bado zinahitajika zaidi ya 120. Kwa barabara, pikapu haipo. Ndiyo maana sheria inayadai kwenye mizani magari ya uzito wa jumla wa tani 3.5 na kuendelea, na yaliyo chini yake yanapita. Kihesabu ni uamuzi sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba raia na askari wamejifunza kuiona mizani kama kipimo cha usalama, na asiyeitwa kupimwa akaamini hana la kupimwa.

Na pikapu ndizo zilizorithi kaskazini. Zile za miraa zinazoteremka kutoka Maua, mizigo imepanda juu ya kibanda cha dereva na turubai limekazwa kwa kamba za mpira, zina sababu ya kukimbia kwa kuwa miraa ikikaa siku mbili imekufa thamani. Zile za Land Cruiser zinazopeleka bidhaa kwenye vituo vya ndani zina sababu ya kujaa kwa kuwa huko haziendi kila siku. Chukua gari lenye kikomo cha kilo 3,200 kwa jumla, lipandishe hadi 4,200, kisha liondoe kwenye kilomita 80 kwa saa hadi 110. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa uzito mara moja na kwa mwendo mara mbili. Hapa imekuwa karibu mara mbili na nusu. Hakuna chochote katika gari lile kilichoongezeka mara mbili na nusu.

Hapa huja pingamizi la makanika, nalo ni zito kuliko yote. Atasema kiwanda huacha akiba, kwamba magari haya yameundwa imara kuliko karatasi zinavyokiri, na kwamba yeye mwenyewe ameongeza vyuma viwili au vitatu kwenye springi za nyuma, kwa hiyo gari haliketi tena. Akiba ipo, sikatai. Lakini imewekwa kwa ajili ya shimo la ghafla, joto la Merille saa nane mchana na umri wa chuma, na anayeitumia kila siku kubeba gunia la ziada hatakuwa nayo siku ya shimo. Springi nayo inasema uongo mzuri. Kazi yake ni kushika bodi juu. Ukiikaza, bodi haitashuka, na ile ishara pekee ambayo jicho lilikuwa nayo, gari kuketi nyuma na taa za mbele kumulika miti, imeondolewa. Beringi ni zile zile, ekseli ni ile ile, ngoma za breki hazikupanuka, na tairi linabaki na namba iliyochapwa ubavuni mwake. Tairi lenye alama 121, kwa mfano, limekadiriwa kilo 1,450 likiwa na upepo wake kamili, na upepo kamili ni kitu adimu. Ngamia aliyezidishiwa alibaki chini. Pikapu iliyokazwa springi inasimama wima kana kwamba haina kitu.

Wengine watasema kosa hili ni la Afrika, la umaskini, na kwamba penye fedha watu hupima. Si kweli. Huko Marekani wastaafu hununua nyumba za magurudumu za tani sita na zaidi, zinazojifunga kwenye sahani juu ya bodi ya pikapu kwa namna ile ile kichwa kinavyobeba tela, na pikapu zenyewe hutangazwa kwa tani zinazoweza kuvuta. Lakini kuvuta si kubeba. Asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa nyumba ile hukaa mgongoni mwa pikapu. Kwa tani sita, asilimia 20 ni kilo 1,200, na bado hajaingia mume, mke wala mbwa. Gari lina nguvu ya kuikokota na halina mgongo wa kuibeba, na mwenyewe hajui kwa sababu lami haimkatalii na injini haingurumi. Huyo hasukumwi na njaa. Kilichompata ni kile kile kilichoipata Isiolo: barabara nzuri imemficha kikomo chake.

Kuna pia wanaosema: wacheni soko liamue, mwenye gari likiharibika atajifunza kama walivyojifunza wa zamani. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ule ukaribu wa kosa na matokeo ungekuwapo bado. Haupo. Anayepakia Isiolo analipwa kwa gunia, mwenye gari yuko Nairobi au Meru, dereva ana deni la safari la kurudisha, na gharama ya kuzidisha haitokei Laisamis kwenye springi iliyokatika. Hutokea miezi kadhaa baadaye, kwenye mteremko. Mteremko wenyewe uko mlangoni mwa mji. Barabara inayotoka mabega ya Mlima Kenya, kupitia Timau, inashuka zaidi ya mita elfu moja kabla ya kuifikia Isiolo, na anayekuja na mzigo wa kwenda kaskazini huanza safari yake kwa kuutelemsha wote kwa breki. Akitumia gia kubwa kwa kuona mwendo umekolea, joto la ngoma linapanda, kanyagio linalegea, na hakuna tena pa kujifunzia. Anayelipa mara nyingi si miongoni mwa wale watatu. Ni aliyekuwa kwenye gari dogo, probox iliyokuwa ikipanda.

Kinachowezekana si kuwapeleka wenye pikapu kwenye mizani ya trela. Ingekuwa foleni isiyo na faida kwa barabara, na mlango mpya wa kitu kidogo. Ukaguzi wa magari tayari upo kwa sheria, na namba tayari huandikwa ubavuni. Iandikwe ya pili: si uzito wa gari tupu peke yake, bali kilo zinazobaki, kwa Kiswahili, kubwa kama jina la mwenye gari, mahali ambapo mpakiaji, abiria na askari wanaisoma kwa pamoja. Magunia ya Kenya yana uzito unaojulikana, 90 kwa mahindi, 50 kwa sukari na saruji, na kuhesabu magunia hakuhitaji mashine. Mwenye kuona hili ni jambo dogo akumbuke kwamba lumbesa, gunia lililorundikwa kupita kipimo, ilishamiri masokoni kwa muda ambao kipimo kilikuwa siri ya mnunuzi mmoja.

Kwa sasa Isiolo iko katika hali ambayo haitadumu. Kaskazini ni lami tupu hadi mpakani. Mashariki, barabara ya Kula Mawe, Modogashe, Wajir na Mandera, zaidi ya kilomita 700, bado inajengwa vipande vipande, sehemu yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020. Lori linalokwenda Moyale na lile linalokwenda Mandera hupakiwa katika mji mmoja, pengine na vijana wale wale. La kwanza linaweza kupewa chochote ambacho gari litakubali, la pili linapewa kile ambacho njia itakubali, na mpakiaji analazimika kuuliza linaelekea wapi kabla ya kuuliza ni magunia mangapi. Kila kilomita ya lami inayoongezwa upande wa Modogashe inalipunguzia uzito swali hilo la kwanza.